Kitambaa cha Makomamanga

Kwetu sufuria haimfuati binti, humfuata mke wa mwana. Mimi nimezaliwa katika nyumba hii, nimejifunza kutembea kwa kushika ukingo wa jiko lake. Nilipoolewa niliondoka na sanduku langu la nguo na magodoro. Nilipofiwa na mume wangu Rıfat, Mungu amrehemu, nikarudi na sanduku lilelile. Miaka yote hiyo hakuna aliyeitaja sufuria ya shaba ya mama yangu mbele yangu kama kitu kinachoweza kuwa changu. Sikuuliza. Ila kila nilipoisugua kwa majivu na siki, niliisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Nasema hivi ili ieleweke kwamba wivu naujua ninapouona.

Sufuria yenyewe si kubwa. Inachukua maziwa ya asubuhi ya ng'ombe mmoja. Lakini chakula chote cha nyumba yetu kinatoka humo. Mama yangu, Ümmühan, hugandishia mtindi ndani yake, na kwa mtindi huo tunapika supu ya mnanaa, tunaumwagia juu ya vifuko vya unga vyenye nyama, na jua la mwisho wa kiangazi likiwa kali tunakandia tarhana, tukauanika unga wake kwa ajili ya supu za wakati wa theluji. Mama aliipokea sufuria kwa mama mkwe wake, naye kwa mama mkwe wake, tangu walipokuwa wakihamahama na mbuzi na mahema meusi. Mwenye sufuria ndiye mwenye upawa, na mwenye upawa ndiye anayegawa chakula. Ukitaka kumjua mkubwa wa wanawake nyumbani kwetu, usimtazame aliyekaa juu ya takia. Mtazame anayegawa.

Na chachu ya mtindi wetu haitoki dukani. Kila mwaka kuna asubuhi tunayoiita Hıdırellez, miti ikiwa imeshavaa majani, ambayo Nabii Khidhri na Nabii Ilyasi hukutana duniani. Kabla ya asubuhi hiyo chachu ya zamani lazima iwe imeliwa yote. Wanawake huamka alfajiri, wakakusanya umande kwenye majani, wakautia katika maziwa ya uvuguvugu bila kuchanganya na kitu kingine, wakafunika. Nabii Khidhri akipita karibu na nyumba, maziwa yanaganda, na hiyo ndiyo chachu ya mwaka mzima. Kila mtu anajua kwamba hapiti penye kijicho.

Basi mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na kijicho cha kujaza tenga.

Nina kaka wawili. Mkubwa, Durmuş, anafuga nyuki, na mkewe ni Zöhre. Zöhre ameingia hapa akiwa msichana, akasimama kando ya Mama jikoni, na hajaondoka hapo. Hakujaaliwa mtoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa Durmuş alichonga kitanda cha mtoto kwa mbao za mti wa jozi, na mpaka leo kiko darini, kando ya vitunguu. Hakuna anayekigusa. Kaka yangu mdogo, Turgut, alikuwa akiishi İzmir na mkewe Sevilay na watoto wao wawili. Kazi ilipoisha kule, majira ya baridi, wakarudi kwetu. Kwa muda tu, walisema.

Mama akampenda Sevilay. Au niseme aliwapenda watoto wake, na mapenzi yale yakammwagikia mama yao. Zöhre aliliona hilo kabla sijaliona mimi. Nilijua kwa namna alivyoanza kukatakata vitunguu.

Siku moja, tukiwa tumezunguka sinia la chakula, Mama aliweka kijiko chini.

"Mikono yangu imechoka," alisema. Kweli ilikuwa ikitetemeka. "Hıdırellez hii nataka sufuria itoke kwangu."

Zöhre akainamisha uso kama bibi harusi. Nilimwona akijifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja, kama mtu anayejitayarisha kupokea.

"Nimefikiri nimpe Sevilay," Mama akasema.

"Nani?" Durmuş akauliza. "Sevilay huyu? Mama, juzi ametia sukari kwenye supu!"

"Kabatini kulikuwa na giza, shemeji," Sevilay akasema. "Na vikopo vya Dada Zöhre vyote vinafanana."

"Vinafanana kwa mtu asiye na pua," Zöhre akasema, bila kuinua uso.

"Atajifunza," Mama akasema. "Sevilay ana watoto. Mwanawe ataoa, sufuria itapata pa kwenda. Sitaki ifie hapa jikoni."

Hakuna aliyemtazama Zöhre. Yeye akainuka, akaanza kukusanya bakuli, pamoja na zile ambazo bado zilikuwa na supu. Turgut alibaki na kijiko hewani na mbele yake hakuna kitu.

Durmuş ni mtu wa maneno machache. Nyuki wamemzoeza hivyo. Lakini siku ile uso wake ulikuwa mwekundu. "Haiwi hivyo," alisema. "Huyu amesimama kwenye jiko lako ujana wake wote. Kama hutaki kuchagua kwa haki, Mama, mwachie Nabii Khidhri achague. Kila mmoja agandishe sufuria yake kwa umande wake. Itakayoganda ndiyo hiyo."

Mama alifikiri. Kumkatalia mwanawe angeweza. Kumkatalia Nabii Khidhri mbele yangu mimi, ambaye tasbihi haitoki mkononi, asingeweza.

"Na iwe hivyo," akasema.

Kuanzia siku ile jiko likawa kama nyumba ya kuku iliyotiwa majogoo wawili. Sevilay alipika supu mara moja, kwa kujaribu. Turgut akaonja.

"Nzuri," alisema.

"Lakini?"

"Sijasema lakini."

"Umesema kwa nyusi."

"Nyusi zangu ziko hivi tangu nizaliwe!"

"Muongezee mnanaa," Zöhre akasema kutoka kwenye jiko, kwa sauti laini kabisa, sauti ya mtu anayekupaka siagi. "Na mtindi huwa unatiwa uji wa moto kidogo kidogo kwanza, usije ukakatika. Shemeji yangu amezoea hivyo."

Sevilay akaitazama supu yake, iliyokuwa imekatika vipande vipande kama chokaa iliyobanduka ukutani. Akaibeba, akaenda kuwapa mbwa. Mbwa waliila. Zöhre alisimama dirishani akiwatazama wakila, na sikupenda jinsi alivyokuwa akitabasamu.

Nilimwambia, "Zöhre, ndugu yangu, Hıdırellez inakuja. Safisha moyo."

"Nausafisha, wifi. Nausafisha kila siku. Unachafuka tena akipita mlangoni."

Nikaficha mikono yangu yenye majivu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimetoka kuisugua sufuria.

Asubuhi ya Hıdırellez, baada ya sala ya alfajiri, niliwasikia wakigombana bustanini kabla sijakunja msala.

"Hapo pangu."

"Umande una mwenyewe, Dada Zöhre?"

"Majani hayo nimeyapanda mimi."

"Na mvua pia uliinyesha wewe?"

Kila mmoja alirudi na kijiko cha umande mkononi, anatembea kama aliyebeba yai, amekaza macho kwenye kijiko cha mwenzake. Maziwa yalikuwa yameshachemka na kupoa. Mama akazamisha kidole kidogo katika sufuria ya kwanza, kisha ya pili, akayasikilizia. Sufuria hizo zilikuwa zile mbili za bati za kupikia jamu, sawa kama mapacha, ili asiseme mtu kwamba mwenziwe amepata chombo kizuri zaidi. Sufuria ya shaba ilikaa rafuni juu, inatutazama sote.

"Tieni," Mama akasema.

Wakatia umande. Bismillahi ya Zöhre ilisikika mpaka uani. Kila mmoja akafunika sufuria yake kwa kitambaa alichokuja nacho siku ya harusi: cha Zöhre cheupe chenye makomamanga mekundu aliyoyadarizi mwenyewe kwa sindano, cha Sevilay cha buluu cha dukani. Tukazipanga ndani ya tenga la mviringo lenye nyasi kavu, tukaweka blanketi juu.

"Asiziguse mtu," Mama akasema. "Mtindi unaoganda hautikiswi. Hata mlango fungeni taratibu."

Kisha watu wote wakaenda kwenye mto, kwenye miti ya mierebi, kama ilivyo desturi, kula mayai na kuwabembeza watoto. Goti langu lilikuwa likiuma. Nikabaki.

Chumba changu kinatazamana na jiko. Adhuhuri nilitandika msala, nikaacha mlango wazi kwa ajili ya hewa, nikanuia. Nilikuwa nimeshaanza rakaa ya kwanza niliposikia lango.

Mungu anajua kwamba macho yangu yalikuwa mahali pa kusujudu. Lakini mahali pa kusujudu panapakana na kizingiti, na kizingiti kinapakana na jiko. Sevilay aliingia na viatu mkononi. Akaenda kwenye pipa la unga, akajipenyeza nyuma yake, akatoka na kitu alichokificha kiganjani pamoja na kijiko. Akafunua blanketi. Akafunua kitambaa cha makomamanga. Kijiko kikapenya taratibu ukingoni, kikatoka. Akafunika, akatoka mbio kwa ncha za vidole. Kutoka pale nilipokuwa sikuweza kuona kwenye kijiko kulikuwa na nini.

Nikarukuu. Nilipoinuka, Zöhre alikuwa mlangoni mwa jiko.

Alikuwa amemfuata. Baadaye nilijua kwamba alisimama nje ya dirisha, ameona yote niliyoyaona, na hakuona zaidi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Aliinama juu ya tenga, akanusa, akanyoosha kidole aonje, akakirudisha. Angeonja angeivunja ngozi ya maziwa, na kila mtu angejua. Akasimama, mikono kiunoni, anapumua kama aliyepanda mlima. Halafu akafanya jambo ambalo ni mwanamke wa kwetu tu angelifanya kwa uangalifu ule. Sufuria hakuzigusa, maana mtindi unaoganda hautikiswi. Alinyanyua vitambaa viwili, akavibadilisha. Makomamanga yakaenda kwa Sevilay. Buluu ikaja kwake. Akarudisha blanketi, akalitia mikunjo ileile.

Nilipotoa salamu kulia na kushoto, jiko lilikuwa tupu.

Nilikaa na tasbihi muda mrefu. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nikimwabudu Mola huku nikilinda jiko? Tena sikujua Sevilay ametia nini. Na jambo lingine, nilisema moyoni, sufuria si yangu. Hawajawahi kuniuliza kuhusu sufuria. Wasianze leo.

Baada ya alasiri wakarudi wote, watoto wakabaki uani. Mama akaketi kwenye kigoda mbele ya tenga. Turgut na Durmuş wakasimama mlangoni, maana mwanamume haingii sana jikoni siku kama ile. Zöhre alijipanga karibu na jiko, ametulia, ametulia mno. Sevilay naye alikuwa akitabasamu. Nilizitazama nyuso zile mbili nikaona zote zinangoja ushindi.

"Bismillahi," Mama akasema, akatoa blanketi. Akafunua kitambaa cha buluu kwanza.

Ilikuwa imeganda. Nyeupe, imetulia, ina ngozi ya mafuta juu. Mama akaigusa sufuria ukingoni, na mtindi ukatikisika wote kwa pamoja kama mtu mnene anayecheka.

"Mashallah!" Turgut akapiga kofi. "Mke wangu huyo!"

"Hapana," Sevilay akasema.

"Hapana nini?"

"Hapana, Mama, angalia vizuri. Angalia ile nyingine."

Mama akafunua kitambaa cha makomamanga. Yalikuwa maziwa. Maziwa matupu, yakicheza ukingoni.

Nilikuwa nikimtazama Zöhre. Alikuwa kama aliyeona maiti imekaa kitako. "Haiwezekani," alisema. "Si ulitia chumvi!"

"Chumvi? Nani katia chumvi?"

"Wewe! Nimekuona kwa macho yangu haya! Umerudi umevua viatu kama mwizi, umefunua kitambaa changu, umetia kitu kwa kijiko! Kama si chumvi ni siki, kama si siki ni uchafu gani sijui, mwanamke mwenye roho mbaya wewe!"

"Ilikuwa chachu!" Sevilay akapiga kelele. "Chachu, unasikia? Nilikutilia chachu ili yako igande!"

 Nje watoto walikuwa wakimfukuza kuku.

Durmuş alikuna shingo. Yeye hufikiri polepole, lakini hufika. "Ngojeni," alisema. "Sevilay katia chachu kwenye ya Zöhre."

"Ndiyo, shemeji."

"Na iliyoganda ni ya Sevilay."

Sevilay akakitazama kitambaa cha buluu.

"Sasa mbona..." akaanza, kisha akamgeukia mkewe, akavua kofia yake akaanza kuitazama ndani.

Mama akakiokota kitambaa cha makomamanga. "Zöhre. Asubuhi kitambaa hiki kilikuwa juu ya sufuria ipi?"

"Nyingine," Zöhre akasema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Nilivibadilisha. Nilidhani ameniharibia. Nikasema, basi aile mwenyewe."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshinda."

"Ndiyo, Mama."

"Halafu ukajinyang'anya."

"Ndiyo, Mama."

Turgut akatoa mlio puani. Sevilay akampiga begani bila hata kumtazama.

"Na wewe usijifanye malaika," Mama akamwambia Sevilay. "Nimekupa nafasi ambayo wengine wanaililia. Ulimtilia kwa nini?"

"Kwa sababu siitaki!" Sevilay akasema, na machozi yakamtoka. "Hamkuniuliza hata siku moja! Tulikuja kwa muda. Mkinipa sufuria, huyu Turgut haondoki tena hapa. Nitapika, naye atakula na kusema nzuri, nzuri, kwa nyusi zile. Maisha yangu yote! Nani anataka kupika kando ya mwanamke huyu? Hata unga wangu akiutazama unakataa kuumuka."

Zöhre alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. "Wewe? Unanionea wivu mimi?"

"Ndiyo, nakuonea! Umefurahi?"

"Mimi? Una watoto wawili!"

"Na wote wawili wanataka supu yako."

 Zöhre akaketi sakafuni palepale, karibu na kuni, akafunika uso kwa aproni. "Wanaila, wakimaliza wanakwenda kulala kwako," alisema ndani ya kitambaa. "Kinachobaki kwangu ni chombo cha kuosha. Nilisema basi, hicho chombo angalau kitakuwa changu."

Durmuş akatoka nje. Nilimsikia akisongasonga mizinga ambayo haikuhitaji kusogezwa.

Mama aliinamia tenga. Halafu, kama mtu anayetafuta mahali pengine pa kutazama, akasema, "Lakini chachu. Sevilay, chachu umeipata wapi? Ya zamani tumeila yote jana. Upawa niliuramba mimi mwenyewe."

Sevilay akamtazama Mama, akatazama chini. "Kwenye kijungu, Mama. Nyuma ya pipa la unga. Nilikiona siku nilipokuwa nikitafuta chumvi."

"Kijungu gani?" Turgut akauliza.

Mama akaanza kukikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Mama," nikasema mimi. Tangu utotoni nimeamka alfajiri ya siku hiyo, nimelowesha sketi yangu kwa umande ule, nimesoma dua juu yake. "Kijungu gani?"

"Usinitazame hivyo, Naciye. Nyumba hii ina vinywa. Umande ukigandisha, alhamdulillahi, kijungu nakimwaga mtaroni na hakuna habari. Usipogandisha je? Niwanyweshe watu maziwa mwaka mzima, niseme Nabii Khidhri alikuwa na haraka? Mama mkwe wangu alinipa sufuria kwa mkono huu, na kijungu kwa mkono huu."

"Na umande umewahi kugandisha?"

"Umewahi."

"Lini?"

"Nimesema umewahi!"

Palepale sauti ya Bi Fadik, jirani yetu, ikaruka juu ya ukuta. "Ümmühan! Ee, Ümmühan! Yetu imeganda kama jiwe! Yenu je?"

"Imeganda, alhamdulillahi!" Mama akajibu bila kupepesa. Kisha kwa sauti ya chini, "Na wao wana kijungu chao."

Mimi naamini kwamba Nabii Khidhri hupita. Nimeendelea kuamini. Pengine kwetu hupitia nyuma ya pipa la unga.

Jioni jua likiwa bado kwenye paa, tulipika supu kwa mtindi uleule. Zöhre alipika, kwa sababu hakuna mwingine aliyesogea. Mama akaagiza sufuria ya shaba ishushwe rafuni, nikaishusha mimi. Supu ikamiminwa humo, sinia likawekwa, tukazunguka. Mama akakoroga mara moja kwa upawa, kisha akauacha upawa ulale ukingoni. Sote tulikuwa tukiutazama mpini. Ulikuwa umeelekea kwake. Akaugeuza, polepole, ukapita mbele ya Sevilay, ukapita mbele yangu, ukasimama.

"Gawa, Zöhre. Inapoa."

"Mama, mimi nimedanganya."

"Kama ni hilo, leo hakuna wa kugawa humu ndani. Gawa."

"Na mtoto wa kuachiwa? Ulisema sufuria ipate pa kwenda."

Mama akavuta shali yake. "Nilikuwa nikiitafutia mrithi, nikasahau kuitafutia mpishi. Atakayekuja atakuja, utamwona wewe. Lakini Sevilay utamfundisha kila kitu. Akirudi İzmir asitutie aibu."

"Kila kitu, Mama," Zöhre akasema.

Akashika upawa. Niliona jinsi alivyoushika, kwa vidole vyote, mpaka kucha zikawa nyeupe. Akampa Mama, akawapa wanaume na watoto, kisha akamjazia Sevilay bakuli mpaka juu, akasubiri. Sevilay akaonja.

"Nzuri," alisema, na akainua nyusi zake zote mbili.

Turgut alicheka mpaka akapaliwa. Durmuş akacheka. Mama mwenyewe akafunika mdomo. Zöhre hakucheka. Aliniwekea mimi mwisho, kama ilivyo desturi, na katika shaba ile iliyong'aa niliona uso wangu umepinda, na goti langu likauma.

Sevilay amefundishwa. Nimekaa pale nikasikiliza, na Zöhre hakubania neno: uji wa moto kidogo kidogo, mnanaa uungwe kwenye siagi mwishoni, kidole kidogo kwenye maziwa. Wameshaanza hata kutaniana. Kiangazi hiki wakirudi İzmir, Sevilay atakuwa anajua kupika supu isiyokatika, na Turgut atalazimika kutafuta nyusi nyingine.

Ila juzi, nikichota unga, nilitazama nyuma ya pipa. Kijungu hakikuwepo.

Jana nilipanda darini kuchukua vitunguu. Kule juu ni baridi, upande wa kaskazini, pazuri kwa chachu. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimefutwa vumbi. Ndani yake, katikati ya godoro dogo, kulikuwa na kijungu cha udongo kimefunikwa mpaka shingoni kwa kitambaa cha makomamanga.

Nilisimama na vitunguu vyangu kwenye aproni. Nilifikiri kuwaita walio chini, kumwambia Mama, kumwambia Sevilay, ambaye ameahidiwa kila kitu. Upepo ulikuwa ukiingia kwenye nyufa za paa na ncha ya kitambaa ilikuwa imefunuka.

Nikaikunja vizuri, nikashuka.